Kifaranga wa bata amekwama ndani ya yai: mwongozo wa kutotoa, kuanzia siku ya kwanza hadi saa ya kusaidia

Hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, mvua zikishakatika na ule upepo mkavu wa Desemba na Januari ukaanza kuvuma, simu yangu hulia usiku. "Yai limetoboka tangu jana asubuhi na kifaranga hatoki, nifanyeje?" Mimi humrudishia mpigaji swali lile lile kila mara: ukimulika pembeni ya tundu, unaona mishipa ya damu? Wengi hawajatazama. Na wengine, nasikitika kusema, wameshaanza kubandua ganda kwa kucha.

Nitaeleza kazi yote tangu mwanzo, kwa sababu kifaranga anayekwama siku ya 28 mara nyingi ameharibiwa na uzembe wa siku ya 10. Lakini ukisahau mengine yote, kumbuka hili moja: mkono wako usiitangulie damu, yaani usimtoe kifaranga kabla damu ya kwenye utando wa ganda haijarudi mwilini mwake.

Kwanza jua una yai la bata gani

Bata wengi wa vijijini mwetu, wale wenye nyama nyekundu usoni ambao jike wake halii kwa kelele, ni Muscovy. Mayai yao huchukua siku 35 hivi. Pekin, Khaki Campbell na jamaa zao huchukua siku 28. Ukiwa na dume la Muscovy na majike ya Pekin, chotara wao huanguliwa katikati ya hapo, na hao chotara hawazai, kwa hiyo usiwawekee matumaini ya mbegu.

Usichanganye aina mbili ndani ya mashine moja kwa siku moja. Anza na Muscovy, ngoja siku saba, ndipo uongeze ya Pekin. Hapo wote watafika siku ya kutoka pamoja, na hutalazimika kupandisha unyevu kwa ajili ya hawa huku ukiwazamisha wale.

Kuchagua mayai

Chukua yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, yenye umbo la kawaida, yasiyo na ufa. Yahifadhi penye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiwa chini. Usiyaoshe: ganda lina utando mwembamba wa kuzuia vijidudu, na maji ya baridi huvuta uchafu uingie ndani. Tope lililokauka lisugue taratibu kwa kitambaa kikavu. Yai lililopakaa kinyesi liache, ule.

Kama mayai yamekuja kwa boda au kwa basi kutoka Koboko au Yumbe, usiyatie kwenye mashine siku hiyo hiyo. Yasimamishe sehemu pana ikiwa juu, yatulie usiku mzima. Mtikiso huvuruga chumba cha hewa, na chumba hicho ndicho kifaranga atakachopumulia mara ya kwanza maishani mwake.

Mashine na vipimo vyake

Mashine yenye feni iweke kwenye nyuzi 37.5. Isiyo na feni, ile ya sanduku na balbu, hewa yake ya juu ni moto kuliko ya chini, kwa hiyo pima usawa wa mgongo wa yai na utafute nyuzi 38.3 hadi 38.6. Kama unajitengenezea sanduku, tafuta balbu za zamani zenye waya ndani; za LED hazitoi joto la kutosha.

Usiamini kipimajoto kilichokuja na mashine mpaka ukithibitishe. Nunua duka la dawa kile kidogo cha kupimia homa. Kimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili wa mtu, na joto la yai liko papo hapo. Viweke pamoja, uone vinatofautiana kwa kiasi gani. Kipimo cha unyevu nacho kina mtihani wake: tia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe kidogo iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache saa nane au zaidi. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, basi siku zote ongeza saba. Dakika chache za kazi hii zimeniokolea mayai mengi kuliko dawa yoyote.

Siku za kati, ambapo shida hutengenezwa

Kwa wiki za mwanzo shikilia unyevu wa asilimia 55 hivi. Geuza mayai mara tano kwa siku, au tatu kama huna nafasi. Idadi iwe witiri, ili upande uliolalia usiku wa leo usiwe ule wa jana. Andika alama kwa penseli, X upande mmoja na O upande wa pili. Nawa mikono kwanza, isiwe na mafuta.

Siku ya saba mulika kwa tochi kwenye chumba chenye giza. Yai lenye uhai lina mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu hung'aa kote, litoe. Lenye pete ya damu limekufa, litoe pia. Linalonuka litoe haraka na kwa upole, kwa kuwa likipasuka ndani litachafua yote.

Kuanzia siku ya 10, fungua mashine mara moja kwa siku, acha mayai yapoe dakika 15, kisha yanyunyizie maji ya uvuguvugu kama umande. Tunamwiga mama yake. Bata anayeatamia huinuka kila siku, huenda kula na kuoga, na hurudi na manyoya mabichi.

Sasa unyevu, na hapa tafadhali soma pole pole. Yai la bata linatakiwa kupoteza maji kidogo kidogo, karibu asilimia 13 ya uzito wake hadi siku ya kuacha kuligeuza. Likipoteza pungufu ya hapo, chumba cha hewa hubaki kidogo, kifaranga huvimba, na akitoboa hukutana na majimaji akazama. Likipoteza zaidi, utando wa ndani hukauka na kumkumbatia kifaranga kama nguo iliyofuliwa ikarudi na kubana. Ndiyo maana sitegemei kipimo cha unyevu peke yake, napima uzito. Mayai yangu 20 yakiwa na gramu 1,500 siku ya kwanza, siku ya 12 au 13 nataka kuona karibu 1,400, na siku ya 25 karibu 1,300. Kwa Muscovy safari ni ndefu zaidi: nusu ya upungufu huo uwe umefika siku ya 16 hivi, na uliobaki ifikapo siku ya 31. Mizani ya muuza viungo sokoni inatosha.

Mizani ikisema yanakauka mno, ongeza upana wa maji, usiongeze kina. Sahani pana yenye maji ya kidole kimoja huleta unyevu kuliko kikombe kilichojaa, kwa sababu maji hupanda hewani kutoka kwenye uso wake. Januari hapa kwetu mimi huweka sahani mbili, na kitambaa kilicholowa kikining'inia juu ya moja. Agosti hadi Oktoba, mvua ikinyesha kila alasiri, kuna siku ninaondoa maji yote. Anayekuambia weka kikombe kimoja mwaka mzima hajatotoa mwaka mzima.

Stima ikikatika

Usifungue mashine kuchungulia. Ifunike kwa blanketi, ukiacha matundu ya hewa wazi. Ikipita saa moja, ingiza chupa za plastiki zenye maji moto yaliyofungwa vizuri, zisiguse mayai. Ubaridi wa saa chache huchelewesha tu siku ya kutoka. Joto kali ndilo linaloua, na ukivuka nyuzi 40 huna muda wa kujadiliana nalo. Kwa hiyo usiweke sigiri ya mkaa karibu kwa hofu. Moshi wa mkaa nao ni sumu kwao na kwako.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuwa na bata mmoja wa Muscovy au kuku wa kienyeji anayeatamia wakati huo huo. Stima ilipotoweka siku mbili mfululizo, jike wangu mmoja mweusi alilala juu ya mayai 14 ya mashine bila kuinuka isipokuwa kula.

Kuacha kugeuza

Siku ya 25 kwa Pekin, siku ya 31 au 32 kwa Muscovy, acha kugeuza na acha kupoza. Mulika mara ya mwisho. Chumba cha hewa kitakuwa kimeinama upande mmoja. Chora mpaka wake kwa penseli, kisha laza yai upande ule mrefu wa chumba ukitazama juu. Utaihitaji mistari hiyo baadaye. Tandika kitambaa chenye mkwaruzo au wavu wa mpira chini; gazeti linateleza na miguu ya vifaranga hutanuka. Pandisha unyevu hadi asilimia 70 au 75, fungua matundu ya hewa zaidi, funga mlango. Kuanzia hapo kila unapoufungua bila sababu unawakausha.

Kungoja kuna kazi yake

Kifaranga hutoboa mara mbili. Kwanza anatoboa utando na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa. Ukimulika utaona kivuli kikicheza mle ndani, na ukisogeza sikio utamsikia akigonga. Baadaye, mara nyingi saa 12 hadi 24, anatoboa ganda lenyewe. Halafu ananyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kunakowatia watu wazimu. Bata si kuku. Kutoka tundu la kwanza hadi kukata ganda kuzunguka, bata anaweza kuchukua saa 24, hata 36 na zaidi, na akawa mzima kabisa. Mapafu yanaanza kazi kwa mara ya kwanza. Damu iliyokuwa ikitembea kwenye utando wa ganda inarudi mwilini. Kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu, nacho ndicho chakula chake cha siku mbili za mwanzo. Ukimtoa kabla ya hayo kuisha, unachana mishipa iliyojaa damu.

Naandika hivi kwa sababu nimefanya. Mwaka wangu wa kwanza nilimsubiri mmoja saa 10, nikaona nimesubiri sana. Nilibandua kipande kama ukucha wa kidole gumba. Tone jekundu likachomoza pale pale, likafuatwa na lingine, likaniteremkia kwenye kidole. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Alikuwa na nguvu, hakuwa na kasoro yoyote. Alihitaji tu nisubiri mpaka jioni.

Lini uingilie

Zipo hali nne ambazo mimi huingilia.

Ya kwanza, kivuli kimeonekana kwenye chumba cha hewa zaidi ya saa 24 na ganda halijatobolewa nje. Hewa ya mle inakwisha. Choma tundu la usalama: pasha sindano motoni au ifute kwa spiriti, kisha izungushe taratibu katikati ya chumba cha hewa ulichochora, pale juu kabisa, mpaka upate tundu la milimita mbili au tatu. Usipenye chini ya mstari. Rudisha yai, ungoje. Wengi baada ya hapo humaliza wenyewe.

Ya pili, ametoboa upande mwembamba. Huko hakuna chumba cha hewa, na mishipa iko karibu. Wapo wanaotoka wenyewe. Wewe hakikisha tundu halizibwi na ute, na pua iko wazi. Mpe saa zote 36 kabla ya kugusa kingine, kwa kuwa huyu hutoka damu upesi.

Ya tatu, utando kwenye tundu umegeuka rangi, kutoka weupe wa maziwa ukawa wa kahawia na mgumu. Umemgandia.

Ya nne, alikuwa amekwisha anza kukata ganda mzunguko, akasimama katikati kwa saa kadhaa, na sauti yake inazidi kuwa nyonge.

Namna ya kumtoa

Tayarisha mapema: maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, pamba za vijiti, kibano cha nyusi kilichofutwa kwa spiriti, tochi, kitambaa laini kilichopashwa joto, na mafuta ya nazi yasiyo na manukato. Funga madirisha, upepo usiingie. Kila awamu isizidi dakika 10.

Januari moja jirani yangu, mama anayeuza samaki sokoni, alinijia saa mbili usiku na yai kifuani, amelifunga ndani ya kitenge. Lilikuwa limetobolewa siku moja na nusu iliyopita, na watoto wake walikuwa wakifunua mashine kila saa kumwangalia. Pembeni ya tundu utando ulikuwa mkavu kama ganda la kitunguu, na manyoya ya njano yamenata juu yake.

"Mvute tu, baba, atakufa!"

"Tungoje kidogo, mama. Kwanza tuione damu."

Nilibandua ganda juu ya chumba cha hewa peke yake, kipande kwa kipande, ndani ya mstari wa penseli. Hapo hapana damu, mtu yeyote anaweza kupafungua. Utando mweupe wa chini ukajitokeza. Nikaupaka mafuta ya nazi kwa pamba, nikikwepa tundu mbili za pua juu ya mdomo. Utando ukipata mafuta huwa kama kioo, na ndipo unaposoma kilicho chini yake. Kulikuwa na mshipa mmoja mwekundu, mnene kama uzi wa kushonea, na vijitawi vyake. Kifaranga alikuwa akifungua na kufunga mdomo kama anayetafuna. Kutafuna huko ni dalili kwamba bado hajawa tayari, angali anavuta kiini. Nikalifunika yai kwa kitambaa kibichi cha uvuguvugu, nikaacha uso wazi, nikalirudisha kwenye mashine.

Saa nne na nusu tukatazama tena. Uzi ulikuwa umekuwa mwembamba, wa rangi ya waridi. Mama akaniangalia, nikatikisa kichwa. Saa saba na robo usiku tukapaka mafuta kwa mara ya tatu, na palikuwa na alama tu za kijivu mahali mishipa ilipokuwa. Damu ilikuwa imerudi nyumbani kwake. Nikauchana utando kwa kibano kutoka kwenye mdomo kwenda nyuma, mbali na jicho, nikalegeza manyoya yaliyonata kwa maji ya uvuguvugu, nikakitoa kichwa kilichokuwa kimekunjwa chini ya bawa. Alinyoosha shingo, akavuta pumzi ndefu. Nikaishia hapo. Nusu ya chini ya ganda nilimwachia, nikamlaza ndani ya mashine.

Iache nusu hiyo kila mara. Kwanza, kupiga mateke kunampa nguvu ya miguu. Pili, kama kipande cha kiini hakijaingia tumboni, kitakuwa kule chini, na ukimvuta utakikata. Alijitoa mwenyewe wakati wa adhana ya alfajiri.

Damu ikitoka wakati wowote, acha papo hapo. Bana kwa pamba safi, au nyunyiza unga wa mahindi mkavu kidogo sana, ngoja ikatike, rudisha yai, usiguse kwa saa tatu au nne. Akitoka huku kiini kinaning'inia, usikikate wala kukisukuma. Mlaze peke yake kwenye bakuli dogo lenye kitambaa kibichi kisafi ndani ya mashine, mara nyingi kitaingia. Kitovu kiguse kwa dawa ya iodini.

Wapo ambao hawatapona hata ukifanya kila kitu sawa. Mwenye mdomo uliopinda au aliyedhoofika tangu ndani mara nyingi huishia siku ya kwanza, na hilo si kosa la mkono wako.

Akishatoka

Mwache mashineni mpaka akauke na asimame, hata siku nzima, kiini kinamlisha. Miguu ikitanuka pembeni, ifunge kwa plasta laini ukiacha nafasi ya sentimita 2.5 kati yake, siku mbili au tatu, ukiifungua kila siku kutazama. Usingoje wiki, maana mifupa inakaza upesi.

Banda la joto lianze na nyuzi 32 hivi, upunguze nyuzi tatu kila wiki. Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo na pua, kwa sababu bata asiposafisha pua huziba. Tia mawe ndani ya sahani asije akaingia mzima. Aliyetotolewa na mashine hana mafuta ya mama yake kwenye manyoya, analowa, anapata baridi, anakufa.

Chakula cha vifaranga wa kuku kinafaa, lakini bata anahitaji niasini, aina ya vitamini B, zaidi ya kuku, na akiikosa miguu hulegea na magoti kuvimba. Changanya hamira ya bia, au mukene, yaani dagaa, mkavu uliosagwa vizuri usio na mchanga. Pumba na njugu zenye ukungu zitupe. Vifaranga wa bata ni wepesi kuliko karibu ndege wote wa kufugwa kuuawa na sumu ya ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya njugu yenye ukungu, na vifaranga wa bata walikuwa miongoni mwa waliokufa pamoja nao. Kile kinachoitwa chakula cha bei nafuu sokoni kinuse kwanza.

Na ukiwa na Muscovy aliyetotoa wake siku hizo hizo, mpe na wa mashine. Subiri giza liingie kabisa, beba kifaranga ndani ya kiganja, mwingize chini ya bawa kutoka nyuma, mmoja mmoja, bila tochi. Rudi kabla ya mapambazuko ukae karibu. Akiwadonoa wageni, watoe wote mara moja uwarudishe kwenye joto. Akiwafunika na kuanza kunong'ona ile sauti yake ya chini, usiwaguse tena.